Mtoto wa Bosibori Alipochelewa Kuja

Siku ile mliponitembelea, nyinyi wanafunzi wa ukunga, mmoja wenu aliniuliza tulikuwa tunajuaje umri wa mimba kabla mashine za picha hazijaja huku kwetu. Nilicheka nikawamiminia chai, halafu mvua ikaja mkakimbilia gari lenu. Sasa nawajibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hatukujua.

Tulikuwa na mikono, utepe wa fundi cherehani, na ile tarumbeta ndogo ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto. Zaidi ya hapo tulikuwa na mdomo wa kuuliza, na kuuliza ndiko kulikokuwa kazi. Mama wa milimani Nyamira ukimwuliza mara ya mwisho aliona damu tarehe ngapi, atakutazama kama umemwuliza bei ya ndege ya abiria. Metroni, mkuu wa wauguzi aliyenifundisha kazi, Mama Paulina, mwenyeji wa Suneka, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo kama ya mtoto, aliniambia nisimwulize mtu tarehe. Niulize alikuwa anafanya nini. Kwa hiyo tukauliza. Mmoja alipata mimba wakati wa kupepeta nafaka ya wimbi. Mwingine alianza kutapika juma lile ng'ombe wao alipozaa. Kutoka hapo mimi na Metroni tunakaa na kalenda ukutani, tunahesabu kurudi nyuma, tunabishana juu ya ng'ombe wa watu.

Msidhani mwenye tarehe kamili alikuwa nafuu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Suneka aliyemleta mke wake akiwa amebeba kalenda iliyozungushiwa duara jekundu. Duara lilikuwa la jana yake. Alitaka mke aanzishiwe uchungu asubuhi hiyohiyo. Metroni akampima mama, akamkuta salama, mtoto anaruka ndani kama mbuzi, mlango wa uzazi bado umefungwa kabisa. Akawarudisha nyumbani. Kesho yake mwalimu huyoo, na kalenda. Kesho kutwa tena. Mwishowe Metroni akamwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba tatizo ni moja tu, mtoto hakupewa nakala ya kalenda. Yule mtoto alikuja mwenyewe juma lililofuata, baba akiwa darasani anafundisha hesabu.

Basi kupita tarehe peke yake si ugonjwa. Lakini kupita sana si mchezo pia. Kondo la nyuma huchoka kama jiko linaloishiwa kuni, maji yanapungua, na mtoto aliyekuwa anaruka anaanza kutulia. Hapo katikati, kati ya subiri na anza, ndipo mkunga anapokosa usingizi. Na mtu wa kwanza aliyenifundisha jinsi hapo katikati palivyo pembamba ni Bosibori.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, nami nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Nyamira. Bosibori alikuja kliniki siku moja ya Agosti, asubuhi, akitokea mashambani nyuma ya Nyaramba. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mimba yake ya kwanza. Alikuja na mama mkwe wake, mama mmoja mfupi aliyeitwa Kwamboka, ambaye aliingia mbele, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akaanza kunieleza habari za mimba kana kwamba ni yake. Nyuma yao akaingia mume, Samweli, kijana mwenye mabega kama mlango. Alikuwa anachuma majani katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache. Huyo alisimama pembeni akiishika kofia yake kwa mikono miwili.

Mama Kwamboka alisema mtoto ni wa Oktoba. Mwanawe alikuja likizo mwezi wa Januari, hakuna asiyejua, alileta sukari na blanketi na majirani walikuja kumwamkia. Kwa hiyo Oktoba. Wamekuja tu kwa sababu msichana amekuwa mzito, hatembei vizuri, na tumbo limewatangulia kila mahali.

Nilimlaza Bosibori kitandani, nikaweka mikono, na mikono yangu ikakataa Oktoba. Tumbo lilikuwa la mtu aliyemaliza. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshuka chini, kimekaa. Nikamwambia Mama Kwamboka kwamba naona mimba ni kubwa kuliko hesabu yake. Hakushtuka hata kidogo. Alisema hilo analijua, ni pacha. Alikuwa ameshaazima mablanketi mawili kwa dada yake, yamo kikapuni mwake, na jina la kila mmoja alikuwa nalo.

Nikasikiliza kwa tarumbeta yangu, nikapata moyo mmoja. Nikamwita daktari. Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana wa kutoka kando ya ziwa, Daktari Ochola, mtu makini ambaye alikuwa na tabia nzuri ya kunawa mikono kwa maji moto kabla ya kumgusa mama, ili asimshtue. Ekegusii, lugha yetu, hakukijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Naye akasikia moyo mmoja. Mama Kwamboka akasema wa pili amejificha nyuma ya mwenzake, na nikamtafsiria daktari hivyohivyo. Daktari hakucheka. Alisema pacha wamewahi kumponyoka mkunga mzuri zaidi ya mara moja, akasikiliza upya kila upande, taratibu. Alikuwa mmoja.

Kisha akamwuliza Bosibori kama mtoto anacheza. Bosibori akamtazama mama mkwe kwanza, halafu akasema anacheza, lakini siku mbili hizi si kama zamani.

Daktari akanivuta kando akaniambia shida yake, nami nawaambia nyinyi ili muone haikuwa shida ndogo. Maji yalikuwa machache kwa kuguswa. Kama mimba ni ya Oktoba au Novemba, basi mtoto amepitiliza na anachoka, na inafaa tumwanzishie mama uchungu. Kama kweli ni ya Januari, basi ni mtoto mkubwa tu wa mama mrefu, na tukimtoa sasa tutamtoa mbichi. Na sisi hatukuwa na ile mitungi ya oksijeni na vifaa mnavyovitumia nyinyi kwa mtoto mbichi. Tulikuwa na pamba, chupa za maji moto na maombi. Alinituma nikatafute tarehe.

Nikamchukua Bosibori tukaenda chumba cha mizani. Mizani ilikuwa moja na chumba kilikuwa chembamba, mkwe hakuweza kuingia. Nilimwuliza alikuwa anafanya nini aliposikia mtoto akicheza mara ya kwanza. Akasema alikuwa kwenye palizi, mahindi yakiwa bado hayajafika magotini. Nikahesabu. Mahindi ya hivyo kwetu ni ya Machi, na mtoto wa Januari hachezi kabla ya Mei.

Nilimwambia taratibu kwamba mimi si polisi wala mzee wa kanisa, nataka tu kujua mtoto ana umri gani. Bosibori akaanza kulia. Nilidhani nitasikia jina la mwanamume mwingine, na mume yuko nje na mabega yake.

Hakuwepo mwanamume mwingine. Alikuwa Samweli huyohuyo. Mwaka uliopita, wakati wa mvua ndogo, alipata nafasi ya kuondoka kazini, akapanda lori la mizigo hadi Keroka, akamaliza safari kwa miguu. Aliingia nyumbani kwake giza likiwa limeshashika, akalala na mke wake, akaondoka kabla watu hawajaamka. Hakumwamkia mama yake. Nyumba ya mama iko hapo mbele, unaipita ukienda ya kwako, na akaipita mara mbili.

Nyinyi wa mjini mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mwana anayetoka safari anaanzia kwa mama yake, anakula kwa mama yake, na kama ana sukari inapita kwa mama yake. Kumruka mama ni kumwambia amekufa. Bosibori alijua kwamba likijulikana, lawama haitamfikia Samweli. Itasemwa ni yeye, mke mgeni, aliyemfundisha mwana wa watu kuingia kwao kama mwizi. Aliniambia, "Sista, heri nikae na hili tumbo mpaka hiyo Oktoba yao."

Nikamwuliza ilikuwa lini hasa. Hapo hakuwa na uhakika. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini mvua ilinyesha majuma mengi. Huenda ni Oktoba mwisho, huenda ni Desemba mwanzo. Kwa daktari, kati ya hapo na hapo palikuwa na tofauti ya mtoto aliyechelewa hatari na mtoto aliyefika tu mlangoni.

Tuliporudi tukamkuta Mama Kwamboka amesimama na kikapu kichwani. Alikuwa amechoka kungoja. Kwa hesabu yake kulikuwa na muda mwingi bado, na watu wa hospitali wanapenda kulaza wasiokuwa wagonjwa. Bosibori akavaa viatu. Kama wangeondoka, sidhani tungewaona tena kabla ya jambo baya.

Nikamkimbilia Samweli kwenye veranda. Nilimwambia najua, nikamwuliza tarehe, naye hakuikumbuka. Lile jitu likawa dogo mbele yangu. Akaniuliza kama kuna dawa ya kuanzisha uchungu ambayo mama hataijua, niichanganye tu kwenye uji. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama daktari anaweza kusema amejua kwa kusikiliza kwamba mimba ni ya mwaka jana. Nikamwambia daktari haongopi, na hata angeongopa, mama yako hatamwamini mtu anayeshindwa kumwona pacha. Nikamwambia mtoto wake anatulia. Hilo ndilo lililomwingia. Akavaa kofia yake, akaivua, akaingia ndani.

Alisimama mbele ya mama yake, akasema, "Baba." Daktari Ochola akageuka kuangalia mlangoni nani ameingia. Ilinibidi nimnong'oneze kwamba kwa lugha yetu mama ndiye huitwa baba, na kwamba atulie, jambo linakuja.

"Baba," akasema Samweli, "yule jogoo hakuliwa na paka wa mwitu."

Sikujua habari za jogoo yeyote. Bosibori alifunika uso kwa leso. Mama Kwamboka aliteremsha kikapu polepole, akakiweka sakafuni, akamtazama mwanawe.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Samweli alikuwa amefika usiku ule na njaa ya safari, na kwa mke hakukuwa na kitu ila mboga. Nje kulikuwa na jogoo wa mama, mwekundu, amelala kwenye mti wa mparachichi. Basi. Manyoya waliyazika. Asubuhi Mama Kwamboka alipomkosa jogoo wake alimlaumu paka wa mwitu, halafu akamlaumu paka wa jirani, akagombana na jirani huyo hata hawakuamkiana mpaka watoto wakafungua shule. Jogoo mwenyewe alikuwa ananeneshwa kwa ajili ya mzee wa kanisa, aliyekuwa amealikwa chakula cha Sabato. Mzee wa kanisa akala maharagwe.

Daktari aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanazungumzia kuku. Akaniuliza kama wameelewa swali lake. Nikamwambia sasa ndiyo wanalijibu.

Kwa sababu Mama Kwamboka hakuwa anagomba. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Mimba ya mkwewe aliihesabu kwa likizo ya mwanawe, lakini msiba wa jogoo wake aliujua barabara. Ilikuwa Ijumaa. Sabato iliyofuata ndiyo ile mzee wa kanisa alikuja, na hiyo ndiyo Sabato watoto walipotoka kufunga shule, kwa maana mjukuu wa jirani alikuwepo akaiombea meza. Aliitaja Novemba, na juma lake, akiangalia dari kama anaisoma huko. Nikamtafsiria daktari. Daktari akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole, akashuka nacho mwezi hadi mwezi, na alipofika Agosti akarudi amebadilika uso. Mtoto alikuwa amepita wakati wake, tena vizuri.

Nilingoja Mama Kwamboka amgeukie Bosibori. Alimgeukia. Alimtazama muda, tumbo na miguu iliyovimba na leso ile usoni, akamwuliza kama ndiyo maana alikuwa anakwenda shambani na tumbo hili kubwa huku yeye akimwambia bado, bado, wa Oktoba. Bosibori akaitikia kwa kichwa. Mama Kwamboka akamgeukia daktari, akamwambia kwa Kiswahili chake yeye mwenyewe, bila mimi: "Daktari, hii mtoto imechelewa. Wewe nakaa nangoja nini?"

Sasa daktari angeweza kushukuru na kuanza. Hakufanya hivyo, na hili nataka mlikumbuke. Alivuta kiti akaketi karibu na Bosibori, akataka nimtafsirie yeye, si mkwe, si mume. Akamwambia kuna njia mbili. Anaweza kubaki wodini tukamsikiliza mtoto mara kwa mara, tukingoja uchungu uje wenyewe, lakini mtoto akizidi kutulia tunaweza kuchelewa. Au tumwanzishie. Uchungu wa kuanzishwa huja kwa haraka na una makali zaidi, na mara nyingine haufanyi kazi, ikabidi apelekwe Kisii kupasuliwa. Yeye daktari anaona kuanzisha ni salama zaidi kwa mtoto huyu. Lakini mwili ni wa Bosibori.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwuliza Bosibori jambo tangu aolewe. Aliishusha leso usoni. Kisha akasema, "Nianzishiwe. Lakini mama asirudi nyumbani. Akae na mimi."

Mama Kwamboka akashughulika na fundo la kanga yake kwa muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

Wakati ule kuanzisha kulianza na mafuta ya mbarika ya kuendesha tumbo, kikombe kizima, mazito, yenye harufu ya taa ya zamani. Halafu maji ya sabuni ya kusafisha tumbo, halafu kuoga maji moto. Nilipoleta kikombe, Mama Kwamboka akakishika, akakinusa, akasema mkwewe hatakunywa kitu ambacho hakijaonjwa. Nikataka kuonja mimi. Akasema hapana, aonje aliyeyaanzisha haya. Akampa Samweli.

Samweli alikuwa mtu wa kutii sana siku ile. Hakuonja. Alikunywa chote, akarudisha kikombe kikiwa kitupu, akasema asante. Ikabidi niende stoo kutafuta kingine.

Kwa hiyo sikilizeni jinsi hali ilivyokuwa. Kesho yake asubuhi daktari alipasua chupa ya uzazi, na maji yalitoka machache na yenye rangi ya kijani kidogo, kumaanisha mtoto alikuwa ameanza kuona taabu. Hatukuwa na mashaka tena. Tukaweka dripu ya kuleta uchungu. Nyinyi mna mashine inayohesabu matone. Mimi nilikaa na saa ya mkononi na macho yangu, nikipunguza, nikiongeza, mkono wangu mwingine juu ya tumbo nikipima ukali wa uchungu. Upande wa pili Mama Kwamboka alikuwa amemshika Bosibori kiuno na kumsugua kwa namna ambayo hakuna chuo kilichowahi kunifundisha, na kila uchungu ulipokuja aliutukana uchungu wenyewe kwa Ekegusii. Na dirishani, kila baada ya muda, tulimwona Samweli akipita mbio kuelekea choo cha wagonjwa wa nje, ameushika mkanda wake. Bosibori alimwona mara moja katikati ya uchungu, akaanza kucheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko dripu yangu.

Mtoto alitoka alasiri. Alikuwa msichana, mrefu, ngozi kavu inabambuka kama maganda ya kitunguu, na kucha ndefu zimepita vidole. Hakulia. Daktari alimnyonya kamasi kwa mpira, nikamsugua mgongo kwa taulo. Halafu akalia, kwa hasira, kama mtu aliyewekwa kwenye foleni muda mrefu.

Mama Kwamboka akashika kile kidole kidogo, akaichunguza kucha. "Huyu," akasema, "alikuwa anachimba mlango atoke mwenyewe."

Alimfunga kwa blanketi moja, na la pili akalikunja akaliweka chini ya kichwa cha Bosibori. Samweli alipoletwa alikuwa amekonda kwa siku moja, rangi ya majivu, hawezi kusimama wima. Mama mmoja aliyelazwa wodini akamwuliza kama ndiye aliyejifungua.

Metroni Paulina aliponisikia nikisimulia haya jikoni aliniambia kitu kimoja tu. Usichukue uamuzi wowote mkubwa juu ya mama mpaka umsikie akiwa peke yake, na usidhani umemaliza mpaka umewasikia wote wakiwa pamoja. Nimelifuata hilo katika kazi yangu yote. Mashine zenu zitawapa tarehe, na mzitumie, nami ningezitumia. Lakini mashine haitamwuliza mama anataka nini, wala nani akae naye.

Bosibori alirudi kliniki miaka miwili baadaye, mnene wa uso, akicheka, na mimba ya pili. Mama Kwamboka alikuwa naye, mtoto yule wa kwanza amefungwa mgongoni kwake. Nikamketisha Bosibori, nikachukua utepe wangu, nikauliza alikuwa anafanya nini mimba hii ilipoingia.

Mama Kwamboka alisimama kabla mtu hajajibu. Alisema mtoto analia njaa, na huko nje ameona mtu anauza ndizi mbivu. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Akatoka naye, akaufunga mlango nyuma yake, na tukamsikia akiwaambia akina mama waliokaa kwenye benchi wasogee mbali kidogo na ule mlango.